Injini ya Mchumba Wangu Inamjua Mwenyekiti Tu

Dada huyu tumemficha jina kama alivyotuomba. Barua ni yake, maneno ni yake.

Wasomaji wa ukurasa huu, hamjambo. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nakaa Gatwekera, Kibera, pamoja na mama yangu mzazi. Kazi yangu ni kupokea wagonjwa katika kliniki moja ndogo ya jumuiya huko Kawangware. Nina mchumba, na huyo mchumba ndiye anayenikosesha raha.

Watu humwita Injinia. Alisomea kompyuta miezi michache mjini, akapewa cheti, akakitia fremu, na tangu siku hiyo hatembei bila bisibisi kwenye mfuko wa shati. Bisibisi ya nini, mtu wa programu? Nafikiri hata yeye hajui. Lakini kliniki yetu ilipoletewa kompyuta ya msaada, kamati iliiona ile bisibisi ikasema huyu ndiye.

Alipewa kazi ya kuweka injini ya kutafuta wagonjwa. Si injini ya gari jamani, ni programu. Unaiandikia jina la mgonjwa, nayo inakuletea ugonjwa wake, dawa zake, na dawa ambazo hafai kupewa. Hadi leo mambo hayo yote tunayasoma kwenye kadi zilizojaa makabatini.

Alipomaliza kuiweka, ikafanywa sherehe ya kuijaribu. Ndiyo, sherehe! Pasta aliiombea mashine, soda zikafunguliwa, kisha Injinia, akiwa ameshaingiza kadi za kwanza, akaanza kuandika majina ya wakubwa walioketi mbele. Mwenyekiti wa kamati kwanza, maana nani angethubutu kuanza na mwingine? Akatokea. Makofi. Pasta naye akatokea, makofi tena. Naibu wa chifu, vigelegele. Mwenyekiti akaomba aletwe mara ya pili, akasimama mbele ya kioo cha kompyuta akijitazama huku anarekebisha tai. Hakuna aliyesema tujaribu na mtu wa kawaida, kwa sababu ingekuwa kama kumwambia mwenyekiti kwamba hatoshi. Basi injini ikawa imefaulu. Watu wazima na akili zao!

Mimi pia nimesomea kompyuta kidogo, jioni jioni, ingawa sina bisibisi. Najua programu mpya hujaribiwa kwa kuitafutia mahali itakapokosea. Kesho yake wagonjwa walipoisha, nilichukua kadi ya mama, ambaye hutibiwa hapo kwetu, nikaingiza habari zake zote. Jina lake silitaji, ila ukiliita kwenye foleni ya maji ya mtaani kwetu wanageuka wanawake wanne. Nikaiambia injini imtafute. Ikaniletea msichana wa miaka kumi na tisa, mjamzito, mwenye jina hilo hilo. Nikarudia, akaja yule yule. Kumbe injini ya mchumba wangu ikishaona jina la kwanza linalofanana inatosheka, wala haikuambii kuna mwingine. Wale wakubwa hawangegundua, kwa kuwa hakuna wawili kati yao wenye jina moja.

Kadi ya mama ina maneno ya wino mwekundu: asidungwe penisilini. Sindano hiyo nusura imuue miaka ya nyuma. Kwa yule msichana hakuna onyo lolote.

Nikamwita Injinia aje aone. Akaangalia, akapangusa kioo kwa kitambaa, eti labda ni vumbi.

"Si jina limetokea? Sasa shida iko wapi?"

"Jina limetokea, lakini huyu si mama."

"Basi mwambie aongeze jina la tatu."

"Na wagonjwa wengine wanaofanana majina?"

"Wacha kuniletea maneno mingi. Unataka kuniaibisha mbele ya wazee? Hao watu wa mabati watajuaje?"

Watu wa mabati. Ananiambia hivyo mimi, ninayelala chini ya mabati, na yeye mwenyewe kila Jumapili anakuja kula ugali kwa mama chini ya mabati hayo hayo. Siwafichi, niliumia. Nilipomwomba airekebishe, ukweli ukatoka. Hajui inavyofanya kazi. Aliinakili tu kutoka kwa disketi ya rafiki yake, na ameniomba ninyamaze mpaka tuoane, ndipo "ataangalia." Namdharau, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba moyo bado unamtaka.

Mwisho wa mwezi kamati inakutana. Kwa kuwa mimi ndiye nitakayeitumia mashine, mwenyekiti atanisimamisha niseme mbele ya wote kama inafanya kazi. Nikisema ndiyo, kadi zitachomwa nyuma ya kliniki siku hiyo hiyo, maana makabati yanahitajika kwa dawa. Nikisema hapana, Injinia ameapa kwamba wazee wake hawatakanyaga kwetu, na walikuwa waje kujitambulisha wiki inayofuata.

Nilimweleza mama kila kitu, hata kwamba aliyepotea kwenye mashine ni yeye. Akacheka.

"Nyathina, mwanangu, wewe olewa. Usiharibie kijana wa watu kazi juu ya kompyuta. Si nikifika huko nitawaambia kwa mdomo wangu hiyo sindano sitaki?"

Mama amesahau. Mara ya mwisho alipozidiwa na kifua aliletwa kliniki kwenye mkokoteni, macho yamegeuka, hawezi kutoa hata sauti. Muuguzi alikuwa ameshaijaza sindano ya penisilini. Ile kadi ndiyo iliyomsemea.

Nishaurini, ndugu zangu. Mwenyekiti akinisimamisha, nimjibu nini?