Uji Mchachu wa Tate

Juzi nilirudi Bunia kumzika shangazi. Nikipita karibu na soko, harufu ya mtama uliochacha ikanishika puani, nikasimama. Utanivumilia, rafiki yangu: harufu ile kwangu ni tate, mama mzaa baba, aliyenilea.

Tate alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kwenye kituo cha afya walimpa vidonge, wakamkataza chai tamu na fufu nyingi. "Uji yako ya mutama unaweza kunywa," muuguzi alimwambia, "lakini kikombe kidogo, bila sukari. Na dawa usiache hata!" Tate alicheka. Uji ule ulikuwa mkali hadi taya zinabana, na yeye aliupenda hivyohivyo.

Mtama ulitoka Kpandroma, kwa ndugu zake. Unga aliuloweka chunguni pamoja na masalia ya uji wa nyuma, ndiyo chachu yenyewe, akafunika kwa jani la mgomba. Chachu ikiharibika aliomba kwa jirani, mwanamke wa kabila lingine aliyeishi nyuma yetu. Ya jirani ikiharibika, alikuja kwetu. Walianza mchezo huo wakiwa mabibi arusi, hata ikasahaulika chachu ilikuwa ya nani.

Kisha vita vikaingia mjini. Barabara ya Kpandroma ikafungwa, mtama ukakoma. Risasi zilipofika avenue yetu tulikimbilia kambi ya wakimbizi, karibu na uwanja wa ndege. Huko tulikula kilichopatikana. Vidonge vya tate vikaisha. Akawa anakunywa maji bila kukata kiu, na kidonda cha mguu kikakataa kupona.

Asubuhi moja jirani alikuja, peke yake, na sufuria iliyofunikwa kwa kitenge. Wanaume wa kwetu wakamzuia pale pa kuingilia.

"Weye unafuata nini huku? Watu yako ndio walituchomea nyumba!"

"Niko naletea dada yangu uji."

Wakamwamuru aonje kwanza, isije kuwa sumu. Akaonja. Wakasema tena, akaonja tena. Tate alisikia sauti yake, akatoka ndani ya hema akijikokota.

"Muache apite! Miye niko najua mukono yake."

Walikaa juu ya mkeka mmoja. Tate alikunywa kikombe kidogo, taratibu, macho amefumba. Jirani akamshika mguu mbaya, akautazama, akalia.

"Dawa nilitafuta, dada. Sikupata."

"Najua. Uji inatosha leo."

Haukutosha, na wote wawili walijua. Chachu aliyotuachia jirani, masalia ya uji ule, tuliilisha unga wa mahindi. Ikaota ukungu, tukaimwaga. Tate alifariki mvua za msimu huo zikiwa bado zinanyesha. Jirani hakuja kwenye mazishi. Watu wake nao walikuwa wamefukuzwa, na tulisikia tu kwamba alielekea upande wa Irumu.

Sasa niko mtu mzima, nami nina sukari. Dawa ninazo. Uji nimejaribu kuupika, hautoki vile. Kila nikikutana na mtu wa Irumu ninauliza habari za yule mama, naye ananiuliza jina. Siye watoto tulimwita Mama Jirani tu. Jina lake alilijua tate.