Daftari la Mwende

Juzi nikiwa ofisini Westlands, nilipata ujumbe kutoka shule ya binti yangu: hajafika darasani. Alikuwa na babake kwa daktari wa meno, nami nilijua, ila nilimpigia babake simu papo hapo.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni katika shule yetu, Jamhuri. Wenzangu walikuwa wamepelekwa mazoezini kwenye uwanja wa maonyesho. Mimi nilikuwa na zamu ya kufagia, vumbi la chaki likininukia puani, na Mwalimu akisahihisha madaftari. Mwende, niliyekaa naye dawati moja, hakuwa amekuja. Asubuhi nilikuwa nimemfanyia kazi ya nyumbani kwenye daftari alilosahau dawatini, nikalichomeka kwenye rundo asije akachapwa.

Mamake akasimama mlangoni, akihema.

“Mwalimu, Mwende amekuja leo? Jana hakurudi nyumbani.”

Mwalimu akapekua rundo, akainua daftari. “Amekuja, mama. Kazi yake hii hapa. Wameenda mazoezi, utamwona jioni.”

“Ai, asante Mungu! Na vile nilikuwa nakimbilia polisi.”

Akarudi zake nyumbani. Nami nikaendelea kufagia, nikifurahi kwamba Mwende ameponea kiboko.

Dawati lile nililikalia peke yangu hadi nilipomaliza shule.