Poda ya Nguvu na Uji wa Futari

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali, Mtwara mjini, Mkuu wa Maabara, mama mnene asiyecheka ovyo, alinishikisha kichupa cha damu akaniuliza, "Hii ya nani?"

Nikasoma namba.

"Sikukuuliza namba. Ya nani?"

Nikasoma jina.

"Haya. Huyo yuko kwenye benchi pale nje, hajui wewe utaandika nini. Uwe unamkumbuka."

Nilimkumbuka mpaka chakula cha mchana kikanishinda, na wenzangu wakanicheka. Mimi ni mwoga tangu utotoni, na kazi ya maabara haikunitibu. Iliniongezea tu vitu vya kuogopa.

Kutoka mjini nilihamishiwa kijiji cha Ziwani, kwenye zahanati yenye hadubini moja na umeme wa kubahatisha. Nyinyi mnaoingiza kichupa kwenye mashine na jibu likatoka limechapwa hamtaamini, lakini sisi vimelea vya malaria tulivihesabu kwa jicho, kioo cha hadubini tumekielekeza dirishani kwenye mwanga. Mganga Mfawidhi alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, "Somoe, hesabu tena." Mimi nilikuwa nimeshahesabu tena kabla hajafungua kinywa. Nadhani wasiwasi huo ndio ulionifanya nichaguliwe, nikikaribia kustaafu, kwenda kwenye utafiti wa poda ya nguvu.

Poda hiyo mnaijua. Vijana wanaonyanyua vyuma wanainunua madukani, kwenye makopo yenye picha za vifua vilivyotuna. Inaitwa kretini. Swali letu lilikuwa jepesi: inaongeza nguvu na misuli kweli, au ni maneno ya wauzaji tu? Kijiji cha wavuvi cha Msimbati kulikuwa na kikundi kilichojitengenezea vyuma vyake, bomba la maji lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande. Nusu yao wangepewa pakiti za kretini, nusu pakiti za wanga uliofanana nayo. Nani kapewa nini hawakujua wao wala sisi. Siri aliishika mtu mmoja aliyekaa Dar es Salaam. Wenyewe tunaliita jaribio la upofu wa pande mbili, ili mtu asijitie nguvu kwa kuamini tu, na mpimaji asipendelee.

Nguvu tulizipima kwa mpini wa chuma ambao mtu anaubana kwa kiganja. Mwili tuliupima kwa mizani ya umeme: unasimama peku, mkondo mdogo usiousikia unakupitia, na mashine inakadiria una mafuta kiasi gani na misuli kiasi gani. Ramadhani ilipoingia, Mtafiti Mkuu, daktari kijana mwenye adabu zake, aliahirisha mizani hadi baada ya Idi, maana mwili uliokaukiwa maji huidanganya. Pakiti aliagiza ziendelee, kila mtu anywe yake akishafuturu.

Selemani alikuwa mkubwa wa kikundi, mvuvi mwenye mabega mapana na mke mjamzito. Katikati ya mfungo alilalamika misuli ya miguu inambana, nikamtoa damu. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huichuja. Mwanzo wa utafiti yake ilikuwa sawa. Sasa ilikuwa juu sana. Nikarudia kipimo, jibu likawa lilelile.

Mtafiti Mkuu akampigia simu yule mtunza siri. Alipokata akanigeukia.

"Selemani ni wa wanga, Bi Somoe."

"Kwa hiyo si poda?"

"Si poda. Basi ni figo zenyewe."

Nilitamani sana iwe poda. Poda mtu anaiacha.

Alikwenda mwenyewe kumweleza Selemani, kwa upole, kwamba ajiandae kwenda hospitali kubwa, na kwamba huenda damu yake ikahitaji kusafishwa kwa mashine. Pakiti hakumkataza, kwa kuwa ni wanga mtupu. Siku ya kumfuata kwa gari nikatumwa mimi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mkewe jikoni. Mkewe alinivuta pembeni.

"Kashausia, dada. Nyavu kampa mdogo wake. Na mtoto huyu wa tumboni kamwachia jina."

Nilitaka tuondoke upesi, lakini jua lilikuwa linazama, na Msimbati mgeni haachwi kuondoka saa ya kufuturu. Wanaume walikuwa wanakusanyika barazani, kila nyumba imeleta chake, muhogo, samaki, na katikati chungu kikubwa cha uji wa pilipili manga. Adhana ilipoisha na tende zikaliwa, vijana wa vyuma wakatoa pakiti mifukoni. Mmoja baada ya mwingine wakazichana, wakamimina chunguni, na Selemani naye akamimina yake. Kisha wakakoroga.

"Mnafanya nini?" Nilipiga kelele mpaka wazee wakageuka.

Selemani alinitazama kwa mshangao. "Si mlituambia wenyewe kwamba nusu yetu mmetupa unga mtupu? Sasa mie nifuturu na mwenzangu, yeye apate nguvu, mie nikose? Tukasema zichanganywe, kila mtu apate."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uandame, daktari."

Nikatoa simu. Kretini ikiingia mwilini hugeuka kreatinini. Kama Selemani alikuwa anainywa, huenda jibu lilipanda kwa sababu hiyo tu na figo zake ni nzima. Lakini pia huenda zilikuwa zinaumwa, na uji ule unazimalizia. Mtafiti Mkuu alipopokea simu yangu alisema, "Wasimamishe wote. Tumpime tena baada ya Idi." Hospitalini nao walikubali kumwangalia kwanza bila mashine.

Idi ile sikuionja. Nilimwogopa Selemani, nilimwogopa mkewe, nikaliogopa hata lile jina aliloacha. Damu yake ilipofika mezani kwangu, nililisoma jina lake kwanza kwa sauti. Jibu lilikuwa limeshuka, sawa na la mwanzo. Nililia mbele ya Mtafiti Mkuu bila aibu, naye akageukia dirishani kujifuta macho.

Utafiti ulifungwa. Watu waliokunywa chungu kimoja huwezi kuwagawa makundi mawili ukawalinganisha, kwa hiyo msiniulize kama poda ile inaleta nguvu. Kwa macho yangu sikupata kujua. Nyavu Selemani hakuzidai. Alisema alichokwisha kutoa ametoa, akaenda kuvua na mdogo wake.

Sasa nimestaafu, nipo kwetu Mikindani. Kila Ramadhani Selemani huja na mwanawe, na chupa ya uji kutoka Msimbati. Anajua woga wangu. Adhana ikilia, anajimiminia kikombe, anakunywa chote mbele yangu, anapangusa midomo na kukaa akinitazama.

"Umeona, Bi Somoe? Nipo."

Ndipo na mimi ninapokunywa.