Mikono ya Mkwe wa Bi Hajra

Si kweli kwamba mkwe wa Bi Hajra, mke wa mwanawe, alikosa kazi ya kutoa dawa kwa sababu ya ulevi. Hayo ni maneno ya watu wa Chole. Bi Hajra mwenyewe alimsindikiza hadi Kibaha kwenye usaili, akakaa kwenye benchi mbele ya mlango uliokuwa wazi. Waliotangulia, walipoulizwa udhaifu wao, walijibu kwamba wanapenda kazi kupita kiasi. Mkwewe alinyoosha mtandio kwanza, kama kawaida yake kabla ya kusema lolote.

“Mikono yangu hutetemeka nikitazamwa,” akasema, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani.

Mzee mmoja kati ya wasaili akacheka. “Binti, hayo hayasemwi hapa!”

“Umeniuliza, baba.”

Wakampa kalamu. Akakishika kifundo cha mkono kwa mkono wa kushoto, kama afanyavyo akimimina chai, akaandika jina la dawa kwa herufi zilizonyooka. Kazi wakampa mwingine.

“Kumbe kweli anatetemeka?” akauliza jirani, Mwamvita, Bi Hajra aliporudi Chole na kumsimulia.

“Anatetemeka. Hanywi.”

“Sasa shoga, anaumwa nini?”

“Hilo ni la nyumbani kwangu,” akasema Bi Hajra. “Sisemi zaidi.”