Firigisi ya Pasta Zablon

Enzi zetu kule Mbotela, kuku hakuwa chakula, alikuwa tangazo. Harufu yake ikitoka kwa jirani, laini nzima ya nyumba ilijua kuna mgeni mkubwa. Tuliruka bladha, ile kamba ya mpira, miguu iko huku, pua ziko jikoni kwa watu. Watoto wa leo wanaletewa kuku na bodaboda mpaka mlangoni, na bado wananuna ati chipsi zimepoa. Haya.

Na sisi tuliotoka magharibi tulikuwa na sheria yetu. Firigisi ni ya baba. Akija mtumishi wa Mungu, baba anampisha. Mama haonji, mtoto haulizi. Mama yangu aliiweka juu kabisa ya bakuli, ionekane kama kofia ya chifu.

Mwaka nilipomaliza darasa la nane, kanisa lilikuwa linasomesha mtoto mmoja sekondari. Tulibaki wawili, mimi na Shiundu, kijana wa nyumba iliyopakana na yetu. Nilikuwa nampita kwa hesabu mpaka mamake alikuwa hanisalimii. Pasta Zablon akaja kwetu kula na kutoa neno la mwisho.

Mama akaniambia, "Nekesa, chunga hiyo sufuria." Nje wakaniita, zamu yangu ya bladha imefika. Nikamwambia Shiundu, aliyekuwa amesimama mlangoni, "Nishikie hapo kidogo." Hilo ndilo kosa langu. Lingine sina.

Bakuli likafika mezani bila kofia. Baba alinichapa mbele ya mgeni. Pasta akafuta mikono, akasema, "Mtoto aliyeshindwa kuchunga firigisi, tukimpa shule atachunga?" Shiundu alikuwa kwenye benchi, midomo inang'aa. Akaniambia, "Pole, Nekesa. Mungu husamehe." Januari akavaa sare. Mimi nikaenda kufulia watu nguo Buruburu, na mikono yangu ikajifunza sabuni badala ya kalamu. Baba alizikwa akiniita mwizi.

Sasa juzi Jumapili, grupu ya Mbotela kwenye simu imewaka moto: mtoto wetu anatokea kwenye TV, ile shoo kubwa ya vichekesho! Nikawasha, hapa Njiru. Nilikuwa na binti yangu, na mama, ambaye siku hizi naishi naye. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nikamwonyesha binti, "Huyo tumekua naye."

Shiundu akashika maiki, kitambi mbele. "Nyinyi mnajua njaa? Mimi nimekula firigisi ya pasta! Nimemeza nzima, moto, mpaka machozi! Wakachapa msichana wa jirani, na mimi ndio nikapelekwa sekondari! Nekesa, kama unaniona, asante kwa karo!"

Watu walicheka wakagonga meza. Mwingine akaanguka na kiti. Binti yangu akapiga makofi, "Mum, huyu msee ni noma!" Halafu akageuka akaniona uso.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe na chai inamwagika kwenye leso, sisikii moto. Miaka yote hiyo nilishuku. Lakini kushuku si kusikia mtu akishangiliwa kwa hilo.

Mama akauliza polepole, "Kumbe haikuwa wewe?"

"Nilikwambia, mama. Siku ile ile nilikwambia."

Akajifunika kichwa na kanga.

Kwa hivyo naandika, na majina nimeyataja: Shiundu aliyekula, Zablon aliyehukumu, na baba yangu, Mungu amrehemu, aliyeshika mshipi kabla ya kuuliza. Kwenye grupu wananiambia, "Nekesa, cheka tu, ni zamani."

Kweli ni zamani. Enzi zetu firigisi moja ilikuwa na uzito wa maisha ya mtu. Siku hizi pale steji ya matatu wanazikaanga karai zima, wasichana wanakula wakitembea, wanatupa vijiti bila kuangalia nyuma. Jana mama alinituma nimnunulie. Akachagua moja, akaishika mbele ya mdomo wangu kama mtu anayelisha mtoto.

Sikuweza kufungua mdomo. Na hadi leo, sijui firigisi ina ladha gani.