Wafumaji wa Igogo wanaosengenya kwa nyusi

Saa moja asubuhi, Kija Machibya anachuna sangara aliye mrefu kuliko mtoto wake wa mwisho. Kisu kinapita, mnofu unaanguka mezani, mfupa unakwenda kwenye kreti. Mashine za barafu zinanguruma. Kitambaa cheupe kimemziba mdomo, lakini Kija anaongea. Anainua nyusi mara mbili, anapandisha bega moja. Mwanamke wa meza ya pili anacheka mpaka bega linatikisika.

"Namwambia jana mume wake kaniomba chumvi tena," anaeleza baadaye, wakati wa chai. "Nyumba ile hawanunui chumvi, wanazaa tu."

Kija, miaka arobaini na minne, alijifunza kusema hivyo bila sauti ndani ya kiwanda cha nguo. Alifuma vitenge miaka kumi na minne. Humo mitambo ilipiga kelele kiasi kwamba ukimwita mwenzako, hata akiwa karibu, hasikii. Basi wafumaji wakawa wanasomana midomo na kupeana ishara. Walitangaziana misiba, wakaposeana wachumba, wakamsema bosi akiwa amesimama katikati yao.

Halafu likaja soko huria. Mitumba ikajaa Mwanza, bohari la vitenge halikupata mnunuzi, na mwaka 1994, miaka kumi iliyopita, geti likafungwa.

"Siku ya kwanza nyumbani sikulala," anasema Kija. "Kimya kilikuwa kinanipigia kelele."

Lakini Mwanza haikai kinyonge. Pamba ilipolala, sangara akaamka. Viwanda vya minofu vikaota pembeni ya ziwa, malori ya barafu yakaanza kugombea barabara na ng'ombe, na mapanki, yale mabaki ya samaki, yakapata wateja wake mitaani. Kija na wenzake watano wa kwenye nguo wakapata kibarua kwenye kimoja cha viwanda hivyo, Igogo. Kila alfajiri walisimama getini wakisubiri kunyooshewa kidole waingie kazini. Asiyenyooshewa alirudi nyumbani kupika uji mwembamba.

Huku samaki hataki mate, kwa hiyo midomo ikafunikwa. Wafumaji wakahamishia maneno kwenye nyusi, viwiko na mabega.

Msimamizi wao, Pius Ishengoma, Mhaya anayependa kila kitu kinyooke, alishtuka mapema. "Meza nzima inacheka na hakuna aliyetoa sauti," anasema. "Nikajua hapa nasemwa mimi."

Alisemwa kweli. Ishara yake ni kidole kinachopandisha miwani isiyokuwepo.

Mwezi uliopita, uongozi ulitangaza kwamba kati ya meza nne, itakayochuna vizuri zaidi kwa siku moja itapata ajira ya kudumu. Kila mtu alijua ni meza ya wafumaji. Asubuhi ya siku yenyewe, Ishengoma akaivunja. Akawatawanya wote sita kwenye meza nne.

"Nilitaka mashindano ya haki," anasema, akipandisha miwani.

Kija anasema alisimama pale na kisu mkononi, akipiga hesabu. Meza moja ikishinda, wenzake wengi wangerudi getini. Akatazama ukumbi. Wenzake walikuwa mbali, kelele katikati, kama zamani kabisa.

"Nikajiambia, we Kija, hapa si ndipo kazini kwako?"

Akainua nyusi: tushinde wote, au tukose wote. Kila mfumaji akawapenyezea wa meza yake.

Kuanzia hapo, meza ya tatu ikiishiwa barafu, mtu anagusa kiwiko, na ya kwanza inasukuma ndoo. Kisu kikiwa butu huku, kikali kinatoka kule. Aliyekuwa na mkono mwepesi alipunguza, aliyechelewa akaletewa msaidizi. Jioni mkaguzi akapima, akapima tena, akavua kofia. Meza zote nne zilikuwa sawa, na minofu yake ilikuwa safi.

Meneja alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Oda ilikuwa kubwa, na kuchagua watu getini kila alfajiri kulishamchosha. Akaziajiri meza zote nne.

"Mama Shimba, umenishinda," Ishengoma alimwambia Kija siku hiyo, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mimi tena, bwana? Mimi nilikuwa nachuna samaki," alijibu Kija.

Sasa anajenga vyumba viwili Kiseke, juu ya mwamba, maana mahali pengine pamekwisha. Kila Jumapili, wasichana wa meza ya nne wanakuja kwake kufundishwa nyusi. Kuna uvumi kwamba kiwanda cha nguo kimepata mnunuzi.

"Kikifunguliwa nitawapeleka hawa wakafume," anasema. "Sitaki wafike pale bubu."

Chai imekwisha, mashine zinaanza tena. Mwisho wa ukumbi, Ishengoma anaita barafu. Mdomo unafunguka, sauti haifiki. Anaita tena. Kisha anatazama kulia, anatazama kushoto, anavua miwani na kuitia mfukoni. Anainua kidole, anapandisha miwani isiyokuwepo, halafu anagusa kiwiko.

Ndoo ya barafu inaanza safari. Meza zote nne zinatikisika mabega.