Vipimo vilisema baba wa mwanangu ni mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa

Wakuu, natumai mko salama humu ndani. Mimi ni msomaji wa nyuzi za wenzangu tu, lakini juzi mtu fulani aliandika hapa kwamba damu haidanganyi, nikashindwa kulala.

Haya ninayoandika niliyaishi mwenyewe. Sitaongeza chumvi, chumvi yenyewe daktari alishanikataza.

Na wale wa kusema "chai hii", vikombe viko mezani, jisevieni.

Niliolewa Kiminini, karibu na Kitale, mwishoni mwa miaka ya themanini, kutoka kwetu Bumula. Mume wangu aliitwa Mulongo.

Kwa msio wa kwetu, niwaeleze. Sisi Wabukusu majina ya mapacha hatuchagui. Anayetoka kwanza ni Mukhwana, anayemfuata ni Mulongo. Kwa hiyo mtu akijitambulisha kuwa Mulongo, anayejua mila atamuuliza tu: "Na Mukhwana yuko wapi?"

Mume wangu aliulizwa swali hilo maisha yake yote. Sokoni, kanisani, hata polisi mmoja barabarani alimuuliza. Yeye alikuwa anacheka na kusema hakuna Mukhwana, alizaliwa peke yake, na mwenye maelezo ni mama yake.

Basi siku moja nikamuuliza mama mkwe. Tulikuwa nje tunachambua kunde, jua la saa sita.

Akaniambia mkunga alimshika tumbo akahesabu vichwa viwili. Siku ya kujifungua akatoka mmoja. Hakukuwa na wa pili, hakukuwa na maiti, hakukuwa na chochote cha kuzika.

Kwetu mzazi wa mapacha hufungiwa ndani ya nyumba, halafu watu waliozaa mapacha wanakuja kumfungulia mlango kwa nyimbo na vigelegele. Wazee walimkatalia. Walisema mtoto mmoja hana sherehe ya mapacha. Yeye akang'ang'ania jina: huyu ni Mulongo, kwa sababu kuna aliyemtangulia.

"Sasa mama, yule mwingine alienda wapi?"

"Hakuenda," akasema, akaendelea na kunde zake.

Wakuu, nilihisi baridi juani.

Kuna kitu kingine nilikijua kama mke. Mgongo wa mume wangu ulikuwa na mstari katikati, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Upande mmoja ngozi ilikuwa nyeusi zaidi, upande wa pili maji ya kunde. Ukimwangalia akioga ungedhani ni watu wawili wameshonwa pamoja. Mimi nilizoea. Mke huzoea mambo mengi.

Tuendelee.

Mtoto wetu alizaliwa wakati wa kuvuna. Siku ya kumpa jina alilia tangu asubuhi. Desturi yetu ni kutaja majina ya waliotangulia, mmoja mmoja, na mtoto akinyamaza ujue huyo ndiye aliyemtaka. Mama mkwe alitaja mababu wa upande wao, wakaisha. Akataja wa upande wetu, wakaisha. Mtoto analia tu, sauti imekauka.

Mama mkwe akamwinamia sikioni akasema, "Mukhwana."

Kimya. Yaani kama redio iliyozimwa.

Wazee wakaguna. Jina la pacha halipewi mtoto aliyezaliwa mmoja, na huyo Mukhwana hakuwahi kuwa mtu hata awe babu. Mume wangu naye akakasirika, akasema mtoto ni Wekesa, amezaliwa wakati wa mavuno, mambo yaishe. Yakaisha. Au tulidhani yameisha.

Wekesa alipoanza kutembea vizuri, malaria ilimkamata vibaya. Tukamkimbiza hospitali moja pale Kitale. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kabisa. Wakasema anahitaji damu upesi, na miaka ile ya ukimwi kila mzazi alitaka damu ya nduguze, si ya mtu asiyemjua. Tukajitolea mimi na baba yake.

Mimi grupu O. Mume wangu grupu O. Mtoto grupu B.

Damu ya O aliweza kupewa, akapewa yangu, akapona. Mungu ni mwema. Lakini kijana wa labu alikuwa na mdomo mwepesi.

"Mama, O na O haiwezi zaa B, bana. Si hiyo B imetoka mahali?"

Alisema hivyo mbele ya mume wangu. Mbele ya wagonjwa wengine pia.

Hapa lazima mumwelewe mume wangu. Alikuwa msimamizi katika shamba la mbegu za mahindi nje ya Kitale. Kazi yao ni hii: wanapanda mistari ya kike na mistari ya kiume, halafu watu wanapita wakikata mbelewele zote kwenye mistari ya kike, yale maua ya juu, ili mhindi wa kike upokee unga wa maua ya baba mmoja tu anayejulikana. Ukiruka mbelewele moja, umeharibu mbegu. Jirani akipanda mahindi ya njano karibu, utaona punje ya njano imekaa kwenye gunzi lako jeupe.

Alikuwa akiniambia, "Punje ya njano ina baba ng'ambo ya ua. Mahindi hayadanganyi."

Sasa akaniangalia kwa macho ya kazini.

Hakunipiga, hakunitukana. Alinyamaza tu. Ila shangazi zake hawakunyamaza, na wiki haikuisha kabla Kiminini nzima haijajua grupu zetu za damu. Nikafunga nguo, nikambeba mwanangu mgongoni, nikarudi Bumula.

Niliumia sana, siwezi kuficha. Kwangu mimi aibu ningeibeba. Lakini mtoto wa kiume asiye na ukoo ni nani? Hana shamba, hana jina, na siku ya kutahiriwa hana wa kusimama nyuma yake.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilianza kujiogopa.

Nilijua sijaguswa na mwanamume mwingine. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Lakini damu inasema yuko mtu. Mume wangu hana kaka, ndugu zake wote ni dada, na baba yake alikufa kabla sijaolewa. Sasa ni nani? Nilikuwa nikichota maji kisimani mchana kweupe, nasimama na ndoo nikijiuliza, ni nani alikuja kwangu nisimwone?

Wakati huo kulikuwa na daktari mmoja mama, akizunguka hospitali za Bungoma na Kitale kuchunguza damu za watoto wa malaria. Kijana wa labu akampigia porojo ya O na O na B kama kichekesho. Daktari hakucheka. Akataka kutuona wote watatu.

Mume wangu alikataa. Mama yake ndiye aliyemwambia, "Wewe enda tu. Enda wakutoe damu, uone kama uko peke yako."

Tukakutana Kitale. Daktari akamtoa mume wangu damu, akaweka tone kwenye kigae cheupe, akadondoshea dawa ya kupimia, akakitikisa taratibu. Akatuita tuangalie.

Sehemu ya tone ilikuwa imeshikana vidongevidonge, kama maziwa yaliyoharibika. Katikati ya vile vidonge damu nyingine ilikuwa inapita laini, kama haina habari.

"Umewahi kuongezewa damu?" akamuuliza.

"Sijawahi hata kulazwa."

Akaosha kigae akarudia. Akatoa damu mkono wa pili. Ni vilevile. Kijana wa labu akakiri kwamba hata yeye siku ile aliona vidonge vichache, akadhani kigae ni kichafu, akapima tena harakaharaka na kuandika O.

Daktari akakaa chini. Akatueleza kwamba hutokea, mara chache sana, mama anabeba mimba ya watoto wawili, na wakiwa bado wadogo kuliko punje ya wimbi wanashikana na kuwa mtoto mmoja. Anazaliwa mtu mmoja, lakini mwilini ana sehemu za huyu na sehemu za yule. Kwa kawaida mwili hufukuza kitu cha mtu mwingine, ndiyo maana hauwezi kubandikwa ngozi ya jirani ikakaa. Lakini hawa wawili walikutana kabla mwili haujajifunza kutofautisha wa ndani na wa nje. Kwa hiyo hawakuwahi kupigana.

Akamwomba avue shati. Akaupitisha mkono juu ya ule mstari wa mgongoni.

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni na kitambaa chake cha kanisani. Akauliza, "Yuko hai?"

"Sehemu yake iko hai, mama."

"Anasikia?"

"Hapana. Ni damu tu."

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Damu tu haizai mtoto."

Daktari alichukua damu zetu, na kipande cha ngozi, na vitu vingine ambavyo sitaeleza walimwombaje mume wangu pale hospitali, mnisamehe. Vikapelekwa ng'ambo. Mimi nikarudi Bumula kusubiri, na ilikuwa subira ndefu.

Majibu alipewa mume wangu. Akaja kwetu siku hiyohiyo.

Wakuu, kwetu mwanamume akifuata mke aliyerudi nyumbani haji peke yake. Anakuja na ndugu yake wa kumsemea. Asiye na kaka hutafuta binamu. Mume wangu alifika saa saba mchana, peke yake, akasimama uani.

Baba yangu akatoka. "Karibu. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na ndugu yangu."

Baba akaangalia nyuma yake. Njia ilikuwa tupu mpaka barabarani.

Mume wangu akasema vile daktari alivyomwambia. Kwa vipimo vyote mimi ni mama wa Wekesa, na baba yake ni kaka wa Mulongo, wa baba mmoja na mama mmoja. Kaka ambaye yumo ndani ya Mulongo na hajawahi kutoka.

"Binti yako hakukosea," akasema. "Mimi ndiye sikujua niko na nani."

Akalia. Mimi pia nililia, tena kwa sauti.

Baba yangu ni mtu wa mila. Akamwambia mama, "Leta kiti kingine." Vikawekwa viti viwili. Zikamiminwa chai mbili.

Mume wangu akanywa yake. Akaiweka chini. Akaangalia ile ya pili kwa muda, akaichukua, akainywa yote.

Hakuna aliyecheka.

Tuliporudi Kiminini, wazee wenyewe ndio walioomba mlango ufunguliwe. Mama mkwe, mzee vile, akafungiwa ndani pamoja na mwanawe. Wanawake waliozaa mapacha wakaja wakaimba, wakafungua. Akatoka mama mkwe. Akatoka mume wangu. Wale wanawake wakaendelea kuimba wakitazama mlango ulio wazi, kwa muda wa kumtosha mtu mwingine kutoka. Kisha wakaufunga.

Kuanzia siku ile mwanangu akaitwa Mukhwana. Na mimi, usiku mume wangu akinigeukia, nilikuwa nauliza moyoni, ni nani? Nikajizoesha kutojibu.

Mulongo wangu alikufa mwishoni mwa miaka ya tisini, homa ya mapafu. Tukiwa kaburini, mzee mmoja mgeni aliyekuja kutoka Cheptais akasikia jina la marehemu likitajwa, akauliza lile swali, kwa nia njema kabisa.

"Na Mukhwana yuko wapi? Aje atupe udongo."

Watu wakaangaliana. Mwanangu, bado mtoto wa shule, akatoka kando yangu. Akachota udongo kwa mkono, akautupa. "Ya baba," akasema.

Akainama tena, akachota wa pili. "Ya baba."

Nilichojifunza ni kwamba damu ni kweli haidanganyi, ila tunaoisoma ndio tunaharakisha. Kabla hujamfukuza mke wako kwa sababu ya kipimo kimoja, pima tena, na uanze na wewe mwenyewe.

Mwenye utaalamu wa mambo haya ashuke hapa chini atufafanulie. Mwenye kucheka acheke, nimeshazoea. Lakini kuna swali nililomuuliza padri akabadilisha mazungumzo, naliacha kwenu: mimi ni mjane wa mume mmoja, au wawili?